UZI: Mwaka wangu una kaskazi na kusi, hauna mwisho wa mwezi (naanza kujifunza mambo ya pesa kutoka sifuri)

#1 tanga_moja (Amu)

Yambo wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatudaiani.

Mimi ni kijana wa hapa Amu (Lamu), nafanya kazi kwenye jahazi la watalii, safari za machweo, Manda Toto, Takwa kwa wanaopenda magofu. Jahazi si langu ni la ami yangu, mimi nalipwa kwa safari na bakshishi juu. Mshahara sina na sijawahi kuwa nao. Sasa kila mwaka hadithi ni ile ile, msimu wa upepo wa kaskazi (Novemba hadi Machi) kazi ni tele, msimu wa kusi, miezi iliyobaki, kazi ni chache. Disemba na Januari mimi ni bwana mkubwa, nalipia watu chai pale ukutani, nanunua viatu, halafu ikifika Juni napita vichochoro vya nyuma mtaa wa Langoni ili mwenye duka asinione. Juni 2024 nlipita kichochoro nkakutana na punda kabeba mawe, njia haitoshi, nkarudi nyuma, nkatokea mbele ya duka lile lile nnalolikwepa. Deni lilikua 4,650. Alinitazama tu hakusema kitu na hapo ndo iliniuma zaidi.

Siku hiyo nkaanza kuangalia video za mambo ya pesa. Wote wanasema gawanya mshahara wako, nusu mahitaji, asilimia 30 starehe, 20 akiba. Mshahara upi jamani? Mwezi wa pili naweza kuingiza elfu arobaini, mwezi wa tano elfu sita. 20% ya elfu sita niweke akiba na nyumbani hakuna unga?

Nkaacha video nkanunua kaunta buku. Kuanzia Novemba 2024 mpaka Oktoba 2025 nmeandika kila shilingi iloingia na ilotoka, siku zengine naandika usiku nikiwa nasinzia, siku zengine nimesahau nkakisia. Haya ndo niloyaona.

Kwanza kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa. Disemba peke yake nlitoa mara 41! Natoa 200, natoa 300, kesho tena. Sasa nenda kasome lile bango la wakala, ukitoa 200 unakatwa 29, ukitoa 2,500 unakatwa 29 vle vle. 41 mara 29 ni 1,189. Ningetoa mara nane kwa mwezi ingekua 232. Hiyo tofauti ni tokeni za stima za mwezi mzima kwangu mimi.

Pili, "nisaidie ntakurudishia ijumaa". Miezi mitatu nlitoa 11,300 ikarudi 2,000. Hii sikuijua kabisa, nlikua nadhani pesa yangu inaisha kwa sharubati na samosa za seafront, kumbe hizo hazikufika hata nusu ya hapo.

Tatu, na hii ndo ilinifungua macho. Miezi mitano ya kaskazi, Novemba hadi Machi, niliingiza 190,000. Miezi saba iliyobaki 62,000. Jumla 252,000. Gawa kwa 12 unapata 21,000 kila mwezi. Ina maana mimi si maskini wa Juni wala si tajiri wa Januari, mimi ni mtu wa elfu ishirini na moja ambae anapewa pesa zake vibaya. Kaskazi nilikua naishi kwa 38,000 kwa mwezi na kusi naishi kwa elfu nane na kitu.

Kwa hivyo msimu huu mpango wangu ni kujilipa mwenyewe 18,000 kila mwezi, kaskazi au kusi. Kaskazi inabaki 20,000 kila mwezi, mara tano ni laki moja. Kusi nachota kwa ile laki, nimepiga hesabu itahitajika 64,000 miezi yote saba, inabaki 36,000 ya dharura.

Swali langu: hiyo laki naiweka wapi? Ikikaa kwa simu najijua, itaisha. Na mnionyeshe nilipokosea hesabu, msinionee haya.

#2 Malindi_mjini

Kaka we umeandika mwaka mzima?? mimi siku tatu tu daftari likapotea

#3 Mama_Mahamri

Hongera mwanangu, wallahi wengi wetu tumefika miaka hamsini hatujawahi kuandika hata wiki moja.

Hesabu yako iko sawa kwa kalamu lakini si kwa maisha. Umegawa kusi kana kwamba miezi saba yote ni sawa. Mimi nauza mahamri na viazi karai hapa Amu miaka kumi na tisa, nakwambia Mei na Juni ndo miezi ya kufa, mvua, bahari mbaya, hoteli kadhaa zinafunga kabisa wafanyakazi wanarudi kwao. Julai na Agosti wazungu wako likizo kwao, wanakuja kidogo, hapo utapata safari. Sasa ukichota sawa sawa kila mwezi, Mei itakukata na Agosti utabakisha. Panga uchote nyingi Mei na Juni.

Halafu shule? Una mdogo wako unamlipia? Januari hulisikii sababu pesa iko, muhula wa pili unafunguliwa upepo ushageuka. Na Ramadhani na Idi hukuziweka. Hizo zinarudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Sai zinaangukia kaskazi ni neema, lakini fika 2030 utafunga Januari na ufunge tena Disemba mwaka huo huo, nguo za Idi ya kwanza tu za watoto zishamaliza mtu.

Na hizo za nisaidie usizikatae zote utaonekana umebadilika. Fungua ukurasa kwenye hilo buku uandike SADAKA. Kila mwezi weka 1,500 hapo. Mtu akija, unampa kwa ukurasa huo na moyoni ushaihesabu imekwenda. Ikirudi alhamdulillah. Ikiisha unasema mwezi huu sina, na unasema kweli.

#4 tanga_moja

Mama hiyo ya Mei ni kweli kabisa, nmerudi kuangalia buku, Mei niliingiza 3,900 na Agosti 17,200. Nlijumlisha tu sikutazama. Na ndio kuna mdogo wangu wa kike, nalipa nusu.

#5 fundi_matondoni

Salamu alaikum. Mimi mzee wa Matondoni, naunda vyombo tangu ujana wangu, hizi simu nimezijua juzi, anonisomea ni mjukuu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo kijana hukuanzisha kitu kipya, umerudi tu. Mimi akiba yangu ni mbao. Nikipata kazi kubwa nanunua mbao na misumari ya kazi inayofuata kabla sijanunua kitu kingine. Mbao haikopwi na shemeji, haitumwi kwa simu. Lakini pia mbao haikupeleki hospitali saa nane usiku, hilo lilinipata siku moya, nna mbao za laki na sina elfu tatu ya boti. Toka siku ile naweka pesa taslimu kidogo ndani, kidogo tu.

#6 mdogo_wa_karani

Nafanya kazi kwenye sacco huko bara, mimi mzaliwa wa Faza. Nitajibu swali la wapi, nitajaribu nisiwe kama brosha.

Pesa yako gawa mafungu kulingana na LINI utaihitaji. Watu huuliza wapi kuna faida kubwa kabla hawajajiuliza pesa hii nitaitaka lini, hapo ndo wanapopotea.

Pesa ya dharura, ile ya boti saa nane usiku aliyosema mzee, iwe mahali unaifikia siku hiyo hiyo. Benki au akaunti ya akiba kwa simu, faida usiitazame. Benki ikifa, shirika la serikali la bima ya amana, KDIC, linakulipa mpaka 500,000. Zamani ilikua 100,000, ikapandishwa 2020.

Pesa ya kusi, ambayo unajua huigusi mpaka Aprili au Mei. Kuna mifuko ya soko la pesa, ile watu wanaita MMF, unaingia hata na elfu moja, unatoa baada ya siku chache. Hiyo haina bima ya KDIC, inasimamiwa na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kwa hivyo hakikisha kampuni ina leseni yao. Wakisema asilimia kumi kwa mwaka, elewa kodi 15% inakatwa kwenye faida. Elfu 50 ikizaa 5,000 kwa mwaka, 750 ni ya serikali, wewe 4,250. Utaona si utajiri. Kazi yake hasa ni kukuwekea pesa mbali na mkono wako.

Au bili za hazina za serikali. Zamani ilikua ya wakubwa, sasa unaanza na elfu 50 na unafungua akaunti kwa simu kwenye mfumo wa Benki Kuu unaoitwa DhowCSD, ulianza 2023, naam, wameuita jahazi, watu wa Amu tungedai haki yetu 😂. Ziko za siku 91, 182 na 364. Angalia ya siku 91: ukinunua mwisho wa Januari inaiva mwisho wa Aprili, upepo wa kusi unaingia na pesa yako inaingia. Unalipa pungufu ya elfu 50 mwanzoni, ikiiva unapewa elfu 50 kamili, ile tofauti ndo faida, nayo inakatwa kodi 15%.

Sacco ni nzuri kama una mpango wa kukopa, wengi wanakupa mara tatu ya akiba yako na riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Lakini zile amana zako huwezi kuzitoa Juni ukaenda nazo dukani, umefungwa mpaka utoke uanachama. Kwa pesa ya kusi usiweke sacco. Nasema hivi na mimi ndo nakula huko.

#7 Shekhe_taratibu

Ndugu yangu karani umeeleza vizuri lakini umewaambia watu wa Amu waingie kwenye riba mchana kweupe. Bili ya hazina ni mkopo kwa serikali na ziada juu yake, hiyo ni riba, wala halihitaji fatwa ndefu. MMF nyingi ni hizo hizo bili ndani yake.

Sisemi mtu aweke pesa chini ya godoro. Kenya kuna benki kamili za kiislamu tangu 2008 na benki nyingi za kawaida zina dirisha la kiislamu. Uliza akaunti ya mudharaba, benki inafanya biashara na pesa yako mnagawana faida kwa kiwango mlichokubaliana mwanzo. Faida haina ahadi, mwaka mwengine ni kidogo. Na MMF za kisharia zipo pia, uliza tu bodi ya masheikh wao ni nani na wameweka pesa kwenye nini.

Na daftari lako liongeze zaka. Ikifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka wa kiislamu, ni asilimia mbili na nusu.

#8 mdogo_wa_karani

Shekhe nimepokea. Kweli ilifaa niliseme mimi mwenyewe, msamaha. Mwenye kujali riba afuate #7, mpangilio wa mafungu ni ule ule.

#9 Malindi_mjini

Mimi naendesha tuktuk huku Malindi, msimu wetu sio kama wenu, mimi pesa ni kila siku na kila siku inaisha. Jioni nampa mwenye tuktuk yake, mafuta, inayobaki ndo yangu. Mwaka juzi nlitaka kutajirika haraka nkaingia kwa mtandao fulani wa kubonyeza video unalipwa, unaweka elfu mbili unaonyeshwa elfu tano kwa skrini, nkaweka 14,000 na nkawaingiza shemeji zangu wawili, siku ya kutoa wakaniambia nilipe kwanza kodi ya kutoa. Nkalipa. Sijaziona mpaka leo na shemeji hawanipigii simu. Kwahivyo msiniambie habari ya kuwekeza mimi niambieni kitu cha mtu wa kila siku.

#10 Mama_Mahamri

Pole mwanangu. Anza na mkebe.

Sicheki. Mimi nina mikebe miwili, mmoja wa biashara mmoja wa nyumba. Zamani nilikua na mmoja, mtoto akitaka daftari natoa, unga ukiisha natoa, kila siku nauza na kila Jumatatu sina pesa ya unga, nkawa nadhani nimerogwa. Siku nilipotenganisha ndo niligundua biashara inapata faida, nyumba ndo inaila mtaji. Sasa kila jioni narudisha kwanza pesa ya unga, sukari, iliki na mafuta kwenye mkebe wa biashara, halafu najilipa mia nne, ndo inakwenda nyumba. Tuktuk ni hivyo hivyo: ya mwenye tuktuk, mafuta, halafu weka hamsini kabla hujafika nyumbani. Ukifika nyumbani hakuna hamsini.

Na tuko kwenye mchezo wanawake kumi na wawili, 500 kila wiki, zamu yako unashika 6,000. Faida hakuna, unapata zako mwenyewe. Ila zamu yangu huomba iangukie shule zinapofunguliwa. Tazama tu mnacheza na nani, wa zamu ya kwanza akihama mji mmeliwa.

#11 tanga_moja

Malindi_mjini kaka usione haya, na mimi sikusema yangu yote. Ile Juni 2024 nlikopa kwa apu moja ya simu 3,000, nkakopa kwa apu nyingine kulipa ile, mwezi wa tatu nadaiwa 7,800 na wanampigia mamangu simu. Siwataji jina.

#12 mdogo_wa_karani

Kumpigia mamako ndo kitu kilichokatazwa, kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinawazuia kutumia namba za simu yako kukuaibisha, na apu lazima iwe na leseni. Usilipe mkopo kwa mkopo.

Jifunze kusoma bei ya mkopo. M-Shwari, mkopo wa kwenye M-Pesa, ni ada ya 7.5% kwa siku 30, ukikopa elfu moja ni 75 kabla ya ushuru. Inaonekana ndogo sababu ni mwezi mmoja, ukirudia mwaka mzima umelipa 900 kwa elfu moja ile ile. Hustler Fund ya serikali ni 8% kwa MWAKA, elfu moja kwa siku 14 riba yake ni kama shilingi tatu, ijapokuwa mkononi unapata 950 kwa sababu 50 wanakuwekea akiba. Mikopo miwili ya elfu moja, mmoja 75 mwengine 3, na watu wanachukua wa 75 sababu ndo wa kwanza kuonekana kwa menyu. Na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, kumbuka, pesa ya kwanza itakayoingia inakwenda kulipa, hata kama uliitumiwa ya dawa.

#13 mvuvi_kizingitini

Naona mwasema apu apu, sisi mkopo wetu hauna apu. Tajiri, yule anotununulia samaki, ndie apu 😂 Juni mashine imekufa, tajiri anatoa elfu sita papo hapo, hakuna fomu. Basi kaskazi ikiingia samaki wote unampa yeye, na bei ni yake, shilingi ishirini chini ya anaowanunulia wengine. Nkamwambia mjomba wangu hiyo si kitu, ishirini tu. Nimesoma huu uzi nkapiga hesabu. Kilo 12 kwa siku, siku 80 za bahari, mara 20, ni 19,200. Na ile elfu sita bado nadaiwa!

#14 fundi_matondoni

Hesabu yako ni kweli lakini uiandike yote. Barafu huwapa nani? Siku mkeo alipobebwa usiku kupelekwa hospitali ya King Fahd mafuta ya boti yalikua ya nani? Tajiri hakuandika hayo. Mimi sisemi ni haki, nasema ukiondoka kwake ujue na hayo utayalipia mwenyewe.

#15 mvuvi_kizingitini

Kweli mzee. Hilo la boti alilitoa yeye.

Basi kumbe dawa ni tuwe na elfu sita yetu wenyewe kabla Juni. Tuko vijana watano tunavua pamoja, tukiweka 40 kila mtu kila siku ya bahari kwa siku 80 ni 3,200 kila mtu, 16,000 sote. Hiyo mashine mbili zinatengenezwa na hatujauza bei ya kutupa.

#16 mdogo_wa_karani

Hiyo ni bora kuliko MMF yoyote niloitaja hapo juu. Sina la kuongeza ila andikeni majina na mtie saini, na pesa isikae kwa mmoja.

Halafu wote, SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 imeshika mahali pa NHIF, wasio na mshahara wanapimwa uwezo wao na kima cha chini ni 300 kwa mwezi, inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa watu wa kaskazi hii kulipa ya mwaka kwa mkupuo ni rahisi kuliko watu wa mshahara, lipeni Januari mkiwa nazo.

#17 dada_wa_shela

na dhahabu je? mamangu kila msimu hununua pete au bangili, hajawahi kufungua akaunti maishani

#18 Mama_Mahamri

Dhahabu nzuri ya miaka, si ya Juni hii. Ukinunua unalipia kazi ya sonara, ukiuza hakulipi kazi yake, anapima uzito tu. Nunua kama huna haja ya kuiuza karibuni, na hifadhi risiti yenye gramu na karati.

#19 tanga_moja

Wadau nimerudi, ni Juni. Nlisema ntaleta ripoti.

Laki haikufika. Nlifikisha 83,500, Februari mashine ya boti ya ami ilikufa safari nne zikaenda na mamangu aliumwa macho. Elfu 50 niliweka akaunti ya mudharaba, zilizobaki benki ya kawaida na kidogo ndani kama mzee alivyosema. Faida mpaka sasa ni kitu cha kucheka, nimecheka. Shule ya mdogo wangu nlilipa nusu yangu Aprili kabla hawajafungua, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nimechota 14,000 Mei na 14,000 mwezi huu kama Mama alivyonipangia, na deni la duka ni sifuri.

Sasa sikilizeni. Jana nimepita mbele ya lile duka la Langoni mchana, natembea polepole makusudi anione. Mwenye duka kaniita jina langu. Moyo ukanipiga ile ya zamani. Kaninong'oneza, "Mwanangu, biashara iko chini, nasikia wewe una pesa kusi hii, nikopeshe elfu tano mpaka kaskazi."

Mama, hii naandika ukurasa upi?

#20 Mama_Mahamri

Mpe elfu moja na mia tano, ukurasa wa sadaka. Mwambie mwezi huu ndo hiyo tu.